Kinyapara wa Kipepeo

12 Januari

Mdogo wangu Kipepeo,

Mama ananiambia umekonda. Kula basi, maana kazi inakuja.

Kamati ya shule imekubali. Vile vipindi vya video vya sayansi tulivyonunua, vya yule mwalimu mzee mwenye masharubu, vitawekewa maandishi ya chini, na atakayeyaandika ni wewe. Nilisimama mbele yao nikawaambia, kwa mikono na kwa chaki ubaoni ili asipatikane wa kusema hakuelewa: "Huyu atamaliza." Mwalimu mkuu akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Mungu anisamehe.

Hali yangu hapa unaijua. Darasa langu la mtihani lina watoto kumi na mmoja, viziwi kama mimi, na mtihani wao wa sayansi ni uleule wa wenzao wanaosikia. Video tunazo, skrini tunayo, lakini bila maandishi wanachokiona ni mzee anayetikisa masharubu. Hata midomo yake hawawezi kuisoma, imefunikwa yote! Vipindi ni ishirini na vinne. Muhula unafunguliwa katikati ya Mei, na siku hiyo nataka vyote viwe tayari. La sivyo watoto hawa wataingia kwenye mtihani wakiwa wamepata nusu ya walichopata wenzao, na tutasema tena kwamba viziwi hawaiwezi sayansi.

Nakujua. Ulijifunza udereva ukaishia kwenye kurudi nyuma. Kabati la Mama ulilitengeneza wewe, na mpaka leo lina mlango mmoja. Mama hakukupa jina la Kipepeo kwa ajili ya uzuri wako. Safari hii nakuomba utue, na ukishatua utulie.

Ujumbe wa simu tuuachie "umefika?" na "nimefika". Mambo yenye uzito tuandikiane barua, kama tulivyozoea tangu nilipokuwa bwenini. Na uniandikie kweli.

Dada yako


3 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kazi inakwenda vizuri sana, usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Nimeweka meza dirishani kwa ajili ya mwanga. Kisha nikaihamishia ukutani kwa ajili ya utulivu. Sasa nimeirudisha dirishani, kwa sababu utulivu nao una kelele zake. Hedifoni nimeazima kwa rafiki yangu mpiga picha za harusi, nzuri kweli, unasikia mpaka mtu anavyomeza mate.

Chini yangu pana karakana ya kuchomelea. Fundi anatengeneza geti lenye simba wawili, na mmoja anafanana na mwalimu mkuu wako usoni, hasa anapokuwa amenuna. Nilishuka kumwambia, tukapiga soga kidogo. Ukiondoa ile miwani ya kuchomelea ni mtu mpole sana. Ana binti anayejifunza kupiga tarumbeta, na nimeahidi kumtafutia kitabu.

Pia nimefanya utafiti juu ya masharubu. Unajua kuna watu wanashindana kwa masharubu, wanapewa na vikombe? Huyu mzee wetu angerudi nyumbani na kikombe.

Msalimie kila mtu. Kazi ni nzuri, na mimi ni mzima.

Kipepeo wako


9 Februari

Mdogo wangu,

Umeniandikia habari za meza, geti, simba, tarumbeta na masharubu. Habari za vipindi hukuandika hata neno moja.

Mimi ndiye kiziwi, lakini asiyesikia ni wewe. Vingapi vimekwisha?

Dada yako


15 Februari

Dada,

Kimoja na robo.

Nimekaa na sentensi hiyo kwa muda kabla ya kuituma. Sina visingizio. Kila asubuhi naketi nimejipanga, nabonyeza video, Masharubu anasema neno moja kuhusu msuguano, mimi nataka kujua zaidi kuhusu msuguano, nafungua ukurasa, ukurasa unazaa ukurasa, na nikizinduka nakuta nasoma jinsi ya kumwogesha paka. Sina paka, Dada.

Nilimweleza rafiki yangu mpiga picha, kwa aibu. Hakunicheka. Akaniambia naye alikuwa hivyohivyo mpaka alipoweka kwenye kompyuta yake programu ya akili mnemba, mwenzi wa kukaa naye kazini. Akaniwekea na mimi papo hapo. Mimi namwita Mwenza. Ana kijisanduku chake kwenye kona ya skrini, na sauti ya taratibu, kama ya muuguzi mwenye subira. Kabla hujaanza anakuuliza, "Leo tunafanya nini?" Unamwambia. Basi yeye anashika hilohilo. Anaona kilicho kwenye skrini, na ukianza kuyoyoma anauliza, "Hii inahusiana na ulichoniambia?"

Jana nilifungua ukurasa wa tarumbeta. Akauliza. Nikamjibu kwa ukali kwamba ni mambo yangu. Akasema, "Sawa. Nikungoje, au turudi?" Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi mpaka nikarudi.

Leo nimemaliza kipindi cha pili. Chote. Nilisimama nikajipigia makofi peke yangu chumbani.

Kipepeo


22 Februari

Mdogo wangu,

Kwa hiyo umejitafutia kinyapara. Haya basi. Watu wanakimbia manyapara, wewe unamweka mezani na kumpa jina.

Nimecheka lakini nimekumbuka pia. Ulipokuwa mdogo mimi ndiye nilikuwa kinyapara wako. Tuliketi meza moja, wewe na hesabu zako, mimi na zangu. Ukitoroka kwa mawazo nilikuwa nakujua kwa macho, maana macho yako yalikuwa yanabaki usoni kama taa ya nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Basi nakurushia punje ya maharage. Mama aliyafagia kila jioni na kushangaa yanatoka wapi.

Huyo Mwenza wako hawezi kurusha maharage, huo ndio upungufu wake. Lakini kama anakufaa, akufae. Sina wivu na mashine. Au ninao kidogo tu.

Endelea. Mwalimu mkuu ameanza kuniuliza, nami namjibu kwa tabasamu pana mpaka taya zinauma.

Dada yako


20 Machi

Dada! Dada! Dada!

Keti, halafu soma: kumi na tano. Vimekwisha, vimekaguliwa, vimefungwa.

Sijitambui. Kila asubuhi Mwenza ananiuliza tunafanya nini, namjibu, "Somo tu, hakuna kingine." Basi inakuwa somo tu. Fundi wa chini amepata kazi ya kutengeneza geti lenye tausi, na sijashuka kulitazama! Nimelisikia tu linagongwa. Juzi alipanda mwenyewe kuniuliza kama naumwa.

Tena nimekuwa mkali kuliko Mwenza mwenyewe. Huyu Masharubu anapenda kupiga domo. Katikati ya somo utamsikia anasimulia habari za mbuzi wake, mara anamtania kijana wa nyuma, mara mvua inapiga bati na yeye anaitania mvua. Mwanzoni nilikuwa nahangaika nayo. Kwenye kipindi cha tisa nilianza kuuandika huo mkasa wa mbuzi, Mwenza akauliza kama ni sehemu ya somo. Nikacheka, nikafuta, nikasonga. Siku hizi hahitaji kuniuliza, yasiyo ya mtihani nayaruka mwenyewe. Wanangu hao kumi na mmoja watapata sayansi iliyopepetwa, bila pumba hata moja.

Wale waliosema siwezi, waambie wakae macho.

Kipepeo anayetua


2 Aprili

Mdogo wangu,

Vyote ishirini na vinne! Kabla ya muda! Nimevipokea, nimevifungua kimoja kimoja nikatazama mwanzo wake, nikaona maandishi yanakuja na kuondoka kwa adabu zake, hakuna herufi iliyokosewa. Nilikaa nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu amenipa mkono mbele ya walimu wote, na yeye si mtu wa kutoa mkono hovyo.

Mama nimempelekea habari. Amejibu kwamba sasa utamalizia kabati.

Watoto wa mtihani wamebaki shuleni likizo hii kujisomea, kwa hiyo sitangoja muhula. Wiki ijayo nawaonyesha. Nimejaa fahari mpaka nguo zinanibana.

Dada yako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Nimewaonyesha.

Nilianza na kipindi cha tisa, cha mashine rahisi, kwa sababu ndicho kinachowatatiza. Mwanzo ulikwenda vizuri. Walikuwa wanasoma, wanaandika, wanatikisa vichwa. Kisha Masharubu akaacha ubao, akageukia wanafunzi wake, akaanza kusema. Chini ya picha hakuna kitu. Akasema kwa muda mrefu. Hakuna kitu. Mara lile darasa la kwenye video likaangua kicheko, wanafunzi wanalaliana mabegani, mmoja anajifuta machozi. Chini, hakuna kitu.

Watoto wangu kumi na mmoja waligeuka wote kunitazama mimi. Wananiuliza kwa mikono: "Kwa nini wanacheka?"

Nikawaambia sijui.

Unajua ni mara ngapi katika maisha yangu nimekuwa hapo? Mezani kwa Mama, mjomba anasema neno, nyumba nzima inacheka. Nauliza, "Nini?" Wananijibu, "Hakuna kitu. Tutakueleza baadaye." Hiyo baadaye sijaiona mpaka leo. Nina miaka arobaini na bado naidai. Nikajiapiza kwamba hakuna mtoto atakayeketi kwenye darasa langu akajibiwa hivyo. Na juzi niliwaacha hivyohivyo mimi mwenyewe, kwa kazi ya mikono yako.

Waliendelea kutazama kwa heshima. Lakini kila darasa lile lilipocheka, wao waliinamisha macho kwenye madaftari. Kufika kipindi cha kumi wawili waliomba ruhusa ya kwenda nje, na sikuwakatalia.

Umewapa chakula, lakini mlango wa chumba cha kulia umewafungia.

Dada yako


13 Aprili

Dada,

Barua yako imenichoma, na nitasema ukweli wangu.

Uliniomba nimalize, nimemaliza. Uliniomba nitulie, nimetulia, na unajua hilo kwangu ni sawa na kumwambia samaki akauke. Mtihani hauulizi habari za mbuzi wa mtu. Nikiandika kila mzaha, mtasema Kipepeo karudia mambo yake. Nikiandika somo tu, nimewafungia watu mlango. Mimi nishike lipi?

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimefanya kitu chote, na hicho ndicho ulichokikataa.

Mdogo wako


18 Aprili

Dada,

Hujanijibu, na sasa naelewa kwa nini.

Baada ya kutuma barua ile nilibaki na hasira, nikasema nitakitazama mwenyewe hicho kipindi cha tisa, nione kosa liko wapi. Nikafungua. Nikavaa hedifoni. Nikaona kipindi kizuri tu. Kisha nikazivua, nikazima sauti kabisa, nikaanza upya, kama mtoto wa darasa lako.

Masharubu anageuka. Anafungua mikono. Maandishi hakuna. Anakuna kidevu, anatazama dari, darasa linamngoja. Hakuna. Halafu wote wanapasuka kwa kicheko, na kuna msichana wa mbele anapiga meza kwa kiganja. Mkasa wa mbuzi naujua neno kwa neno, Dada, na bado niliona haya, kama mtu aliyeingia chumbani akakuta wanaomcheka wamenyamaza ghafla. Nilitaka kutoka nje kama wale watoto wako wawili.

Nimekosa. Siandiki zaidi ya hapo.

Mwenza simlaumu. Nilimwambia "somo tu", akashika "somo tu". Angekuwa mkaidi kama wewe labda angeniokoa, lakini yeye anashika unachompa. Basi asubuhi aliponiuliza, "Leo tunafanya nini?" nikamwambia: "Tunaandika kila kinachosikika. Mzaha, mvua, kikohozi, kiti kinacholia. Na kila nikitaka kufunga sehemu, usiniulize kama nimebaki kwenye somo. Niulize: kuna aliyecheka hapa? Umeandika kwa nini?"

Akasema, "Nimeelewa. Tuanze na kipi?"

Nikasema na cha kwanza. Vyote ishirini na vinne, upya. Muhula unafunguliwa karibu, najua. Nimeshuka kumwambia fundi asinione mbaya nikipotea tena. Akanipa mkono, mkono wenyewe mweusi kwa moshi, akasema, "Kajikaze."

Kipepeo


21 Aprili

Mdogo wangu,

Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kikali kuliko nilivyotaka. Nilichana karatasi nyingi.

Kuna jambo sikukuambia Januari. Mwalimu mkuu alitaka kazi hii tuwape watu wengine, wepesi na waaminifu, waliokwisha kufanya kazi za namna hii. Nilimkatalia. Kamati yote ilidhani nakupendelea kwa kuwa umetoka tumbo moja nami. Niliwaacha wadhani.

Nilikuchagua kwa sababu ya ile meza ya Mama. Mjomba akisema neno na watu wakicheka, mtu mmoja tu alikuwa anaweka kijiko chini na kunigeukia. Ulikuwa na miaka sita, mikono imejaa mafuta, unanieleza kila kitu: nani kasema, nani kajibu, nani kanuna, na kule jikoni sufuria imeanguka. Chakula chako kilikuwa kinapoa kila siku. Mama alikuwa anakufokea, "Wewe mtoto, tulia ule!" Alidhani unarukaruka. Kumbe ulikuwa kazini.

Ndiyo maana barua yako ya Machi, nilipoisoma tena baada ya siku ile, iliniuma kuliko unavyofikiri. Nilikuomba utulie, lakini sikukuomba uzibe masikio yale. Kosa ni langu pia, sikulisema.

Fanya unavyojua. Ikibidi muhula ufunguliwe na vipindi vichache, nitasimama mbele ya kamati tena. Nimeshazoea kusimama.

Dada yako


6 Mei

Dada yangu,

Vimekwisha. Safari hii sipigi makofi, mikono imechoka.

Sikujua kazi hii ilivyo. Mara ya kwanza nilikuwa namsikiliza Masharubu peke yake. Sasa nimesikia darasa zima. Kuna kijana wa nyuma ambaye hajawahi kuonekana usoni, lakini kwenye kila kipindi anamnong'oneza mwenzake jibu sahihi na haulizwi. Nimemwandika. Kuna mlango unaolia kila anayechelewa anapoingia, na Masharubu anausalimia mlango badala ya mtu. Nimeuandika. Mvua ya kipindi cha kumi na sita inapiga bati mpaka anaacha kusema, nami nikaandika "Mvua inazidi sauti ya mwalimu", ili watoto wajue kwamba pale hata wenye masikio hawasikii.

Mwenza amenikalia shingoni, tena vizuri. Nikifunga sehemu haraka, "Kuna aliyecheka hapa?" Nikisema hakuna, "Umesikiliza mpaka mwisho?" Siku moja nilisikiliza tena kwa hasira ili nimwonyeshe, nikamkuta msichana anacheka chini kwa chini kwa sababu chaki imevunjika. Nikaandika. Nikikwama na kuanza kufungua kurasa za ajabu, ananiuliza kama ananingoja au tunarudi. Tunarudi. Kuna asubuhi mbili bila yeye ningelala sakafuni nikalia.

Kilichonitoa jasho ni mbuzi. Nilimwandika haraka, nikatazama bila sauti, mkasa ukafa mikononi mwangu. Unajua kwa nini? Maneno ya mwisho yalitokea kwenye skrini kabla mzee hajayasema. Yeye anangoja, anafuta vumbi la chaki mkononi, kumbe msomaji ameshamaliza na ameshapoa. Nikayatenga maneno yale yakae peke yake. Nikayasogeza yakachelewa. Nikayarudisha yakawahi. Asubuhi nzima iliishia kwa maneno matatu, na Mwenza hakuniambia hata mara moja kwamba napoteza muda, maana nilimwambia mapema kwamba leo kazi ni maneno matatu tu. Sasa yanatokea pale midomo inapofunguka chini ya yale masharubu.

Usiwasimulie kabla. Wawekee tu, wewe utazame watoto.

Kipepeo


15 Mei

Mdogo wangu,

Naandika haraka, vumilia mwandiko.

Jana tumefungua muhula. Niliwapanga kumi na mmoja wote mbele, na nyuma wakaja mwalimu mkuu, wanakamati watatu na mpishi. Wale wawili waliotoka nje mwezi uliopita walikaa karibu na mlango, nikajua wamejiandaa. Nikaweka kipindi cha tisa. Nikafanya ulivyoniambia, nikaipa skrini mgongo nikawatazama wao.

Niliona wanasoma. Niliona mlango umelia na Masharubu ameusalimia, maana kijana mmoja alitabasamu na kuutazama mlango wetu. Kisha macho yao yote yakatulia, nikajua mzee ameacha ubao. Sikuvumilia, nikageuka nami nikasoma:

"Mbuzi wangu hapandi mlima wima. Anazunguka, anazunguka, mpaka juu. Anajua faida ya mteremko! Nikamwita mke wangu aje aone. Akaniuliza, 'Huyu amefundishwa na nani?' Nikamwambia, 'Hajafundishwa na mtu yeyote.' Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akasema..."

Mzee anafuta chaki mkononi. Hakuna aliyepepesa macho humu ndani.

"Ndiyo maana ameelewa."

Darasa la kwenye video likapasuka, na la kwangu likapasuka nalo. Pamoja, mdogo wangu. Si baadaye. Kumi na mmoja wanapiga meza, na msichana wa mbele wa kwangu anapiga meza na msichana wa mbele wa kwao anapiga meza, na mimi nimeshika ukuta. Mtetemo wa meza zile niliusikia kwenye nyayo. Mpishi alikuwa analia, na sijui kama ni kwa mbuzi au kwa watoto. Mwalimu mkuu amecheka mpaka kavua miwani. Wale wawili wa mlangoni walihama na viti vyao kuja mbele, bila kuomba ruhusa.

Walitaka kirudiwe. Nikarudisha. Wakacheka tena palepale. Mara ya tatu walikuwa wanasema wenyewe kwa mikono, kwaya nzima ya mikono, wanangoja, wanafuta chaki ambayo hawana, halafu: ndiyo maana ameelewa! Na usidhani somo lilipotea. Nilipowauliza faida ya mteremko ni nini, mikono kumi na mmoja ilikuwa juu, na majibu yalikuwa sahihi. Jambo lililowatatiza tangu mwaka jana, mbuzi amelimaliza.

Kamati imekaa leo asubuhi. Wanataka historia na jiografia, na wanakutaka wewe kwa jina. Mwalimu mkuu alisema mwenyewe, nami nilikuwa nimeketi. Sikuwa na haja ya kusimama.

Lakini hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kuna binti darasani kwangu, mkimya kuliko wote. Amekaa kwangu miaka mitatu, na mzaha wake sijawahi kuuona. Jana nilipokuwa nafuta ubao, taa ya kengele imeshawaka na hakuna anayetaka kutoka, alisimama kwenye kiti ili wote wamwone. Akaninyooshea kidole. Akasema kwa mikono, taratibu, uso mkavu kama wa jaji: "Mwalimu, miaka mitatu unatufundisha."

Akatulia. Akafuta chaki mkononi.

"Ungetuacha kidogo, tungeelewa."

Wamenicheka mpaka wengine wakaanguka chini. Nilimwamuru ashuke kwenye kiti na atoke nje kwa kukosa adabu, nikamfuata hukohuko nje, nikamkumbatia mbele ya watu.

Dada yako